Umelala Wapi Siku 10 Zilizopita?

Kwenye droo ya meza yangu kuna kaunta buku la kwaya mbili lililochanika uti. Nililinunua Machi 2020, duka la vitabu la mtaa wa nyuma, baada ya kuona kompyuta hainitoshi. Kompyuta ilijua bei na viti. Haikujua nani anaruhusiwa kushuka wapi, na hata ikijua asubuhi, mchana habari zilikuwa zimeshabadilika. Nikawa naandika kwa mkono: nchi, tarehe, saa, waliofungiwa, walioachwa wapite. Taarifa ikibadilika napiga mstari, naandika mpya chini yake. Kuna kurasa zina mistari mingi kuliko maneno.

Mimi ni mkata tiketi za ndege. Kazi hii naifanya katikati ya jiji la Dar es Salaam tangu 2009, ghorofa ya kwanza, ofisi ya meza tatu isiyo mbali na Sanamu ya Askari. Wateja wangu wengi ni watu wanaoishi ugenini: Watanzania wenye kazi Uingereza au Oman wanaokuja likizo, na wageni wanaofanya kazi hapa kwetu, Wahindi wa viwandani, Wakenya wa benki na shule, Wazungu wa miradi. Miaka yote hiyo nilikuwa na maswali matatu tu. Unakwenda wapi, unaondoka lini, unarudi lini. Swali ninaloanza nalo siku hizi nilifundishwa na binti mmoja muuguzi, na ada ya somo lile alilipa yeye. Nitafika kwake.

Wiki mbili za mwisho za Machi 2020 nazikumbuka kwa milio ya simu. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16, msafiri aliyetua Kilimanjaro akitokea Ubelgiji, na siku iliyofuata shule zikafungwa. India ikafunga anga yake kwa ndege za abiria za kimataifa tarehe 22. Uingereza ikawaambia raia wake walioko safarini warudi kwao wakati ndege bado zipo. Kuanzia tarehe 23 aliyeingia Tanzania akitokea nchi zilizoathirika zaidi alitakiwa akae karantini siku 14 kwa gharama zake mwenyewe. Tarehe 25 zikafunga Kenya na Falme za Kiarabu kwa pamoja, na usiku wa kuamkia tarehe 27 Afrika Kusini ikajifungia. Tarehe 11 Aprili Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikasimamisha ndege zote za abiria za kimataifa kuingia na kutoka nchini.

Mtu wa nje ya kazi hii anaweza asielewe uzito wa orodha hiyo. Dar haikuwa na ndege ya moja kwa moja kwenda London. British Airways iliiacha njia hiyo mwaka 2013. Sisi huku safari ndefu nyingi zina mahali pa kupumzikia: Dubai, Doha, Addis Ababa, Nairobi, Johannesburg, Istanbul, Amsterdam. Mteja wangu akienda Manchester, kwenye akili yake kuna miji miwili. Kwenye tiketi ipo mitatu, na ule wa katikati ndio uliokuwa unafungwa. Nilikuwa na mama mmoja mwenye kibali cha kuishi Uingereza, kinachomruhusu kuingia hata siku zile, lakini Dubai ilikuwa imefunga hata kwa wanaopita. Alikuja ofisini na begi lake kabisa. Nilimweleza mara tatu. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sitaki kuingia Dubai, nataka kupita tu," na sikuwa na jibu lingine zaidi ya kwamba hata kupita hakupo.

Terminal 3 ya uwanja wetu wa ndege wa Julius Nyerere ilikuwa mpya kabisa, ilizinduliwa Agosti 2019 kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka. Mwishoni mwa Aprili nilipita nje yake kwenye daladala ya Gongo la Mboto, ile sehemu ya kuegesha magari ilikuwa nyeupe tupu. Mjini nako, kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji yenye koki na sabuni ya maji kwenye chupa ya plastiki. Mlinzi wa jengo letu alikuwa ananukia mchaichai na tangawizi kutwa nzima kwa sababu ya kujifukiza. Tulibaki wawili ofisini, na tulikuwa tunafanya kazi moja tu: kudai fedha za watu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nalirudia kwa kila mteja mpaka leo. Watu wakiogopa hukimbilia kufuta safari wenyewe. Tiketi ukiifuta wewe, unahukumiwa kwa masharti uliyoinunulia, na tiketi za bei nafuu masharti yake ni makali, unaweza kurudishiwa kodi tu. Shirika likiifuta ndege yake, linadaiwa nauli yako yote. Kwa hiyo niliwaomba wateja wangu wavumilie, hata wale waliojua hawatasafiri, wasubiri ndege ifutwe ndipo tudai. Wengine walinisikiliza. Wengine walinifikiria nina maslahi, wakafuta, wakapoteza. Sikuwalaumu, kipindi kile kila mtu alikuwa anamwogopa mwenzake.

Hata kwa waliosubiri, fedha hazikuja haraka. Mashirika mengi yalizima njia ya kurudisha nauli kwenye mifumo yetu sisi mawakala, tukaambiwa tujaze maombi moja moja na kusubiri. Mengi yakatoa vocha. Vocha si kitu kibaya kwa mtu anayejua atasafiri tena, lakini kuna familia moja ya Upanga, watu watano, walikuwa wanampeleka mtoto kwenye matibabu India, na baada ya Juni hawakuwa na sababu tena ya safari ile. Baba yake alikuja ofisini akakaa kwenye kiti, akasema polepole kwamba hataki vocha. Nauli yao ilirudi baada ya miezi 14. Nilipompigia kumwambia imeingia alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ahsante dada, Mungu akubariki," akakata.

Waliopata taabu zaidi ni walionunua kwa simu zao kwenye tovuti za mbali kwa sababu zilikuwa nafuu kwa dola 30 au 40. Walipopiga shirika la ndege waliambiwa, nenda kwa aliyekuuzia. Aliyewauzia alikuwa ni ukurasa wa intaneti na namba ya simu isiyopokelewa. Sisemi haya ili nijipigie debe. Nimeshika mikononi mwangu tiketi za vijana wa watu, wenye mishahara ya kawaida, na sikuwa na uwezo wa kuzigusa kwa sababu si mimi niliyezikata.

Anga yetu ilifunguliwa tena tarehe 18 Mei 2020, na sharti la karantini ya siku 14 likaondolewa. Watu walishangilia, simu zikaanza upya. Lakini siku mbili kabla ya hapo Kenya ilikuwa imefunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, malori ya mizigo tu ndiyo yaliyopita. Wakenya wangu, wahasibu na walimu, wakawa hawawezi kupita Namanga wala kuruka. Agosti mosi Kenya ilipofungua anga, Tanzania haikuwemo kwenye orodha ya nchi zilizoruhusiwa, na sisi tukaizuia Kenya Airways isitue kwetu. Jambo lile lilikwisha katikati ya Septemba. Kwa wiki zile sita hivi, safari ya saa moja na dakika 20 angani ikawa ya siku nzima kupitia Addis Ababa. Mwalimu mmoja aliyekwenda kumzika mama yake Kisumu aliniuliza kama kuna njia nyingine, nikamwambia ndiyo hiyo. Alilipa bila neno.

Mhandisi wa kiwanda kimoja cha Chang'ombe, mtu wa Gujarat, yeye alirudi kwao bila mimi. India ilianza kuwakusanya raia wake kwa ndege maalumu kuanzia tarehe 7 Mei, kazi waliyoiita Vande Bharat, na tiketi zile hazikupita kwa mawakala kama sisi. Mtu alijiandikisha ubalozini, akasubiri jina lake, na nauli alilipa mwenyewe. Waliotangulizwa ni wagonjwa, wajawazito, wazee, waliokatikiwa kazi. Nilimsaidia kujaza fomu tu. Lakini pale nilitambua kwamba mtu anayeishi nchi ya watu anapaswa kujulikana na ubalozi wake kabla ya shida, na Watanzania wetu wengi walioko nje hawafanyi hivyo. Sasa nikimkatia mtu tiketi ya kwenda kuanza kazi ugenini, namwandikia kwenye karatasi: ukifika, wiki ya kwanza, jiandikishe ubalozini.

Sasa muuguzi.

Anafanya kazi hospitali moja katikati ya Uingereza, ana kibali cha kuishi. Alikuja Desemba 2020 baba yake akiwa mgonjwa, na mzee akafariki katikati ya Januari, wakamzika kwao Mbagala. Tarehe 22 Januari 2021 Uingereza ikaiweka Tanzania kwenye orodha yake nyekundu pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wageni wasio na kibali hawakuruhusiwa kabisa kuingia wakitokea huku. Yeye aliruhusiwa, kwa sharti la kujitenga siku 10 nyumbani kwake. Angeweza kuondoka wakati ule. Alitaka kumaliza arobaini ya baba yake, na mimi nilimuunga mkono, kwa sababu nami ni mtoto wa mtu.

Arobaini ilipoisha, sharti lilikuwa limebadilika. Kuanzia tarehe 15 Februari, aliyekuwa nchi nyekundu ndani ya siku 10 kabla ya kufika alitakiwa alale kwenye hoteli iliyoteuliwa na serikali, siku 10 kamili, kwa pauni 1,750 za mtu mzima mmoja, na vipimo viwili humo ndani, siku ya 2 na ya 8. Kwa fedha zetu ilikuwa zaidi ya milioni 5 na nusu. Mwezi wote wa Januari alikuwa kwenye likizo bila malipo.

Niliisoma sheria ile mara nyingi. Haikumtazama mtu ni raia wa wapi, wala ndege yake imeanzia wapi. Ilimuuliza amelala wapi. Basi nikaona njia: aende nchi isiyo nyekundu, alale humo zaidi ya siku 10, ndipo aruke kwenda London kama mtu aliyetoka huko. Falme za Kiarabu zilikuwa nyekundu tangu tarehe 29 Januari. Qatar, Ethiopia na Oman ziliingia tarehe 19 Machi. Kenya ilikuwa safi, na muuguzi ana binamu yake South C, mtaa wa Nairobi. Nairobi ilikuwa imewekewa zuio la kutoka na kuingia tangu mwisho wa Machi, lakini mwenye tiketi ya ndege na cheti cha kipimo alipita. Nilifurahi sana siku niliyomwonyesha mpango huo. Mama yake alikuja naye ofisini, amejifunga khanga, akanishika mkono akaniombea dua.

Kulikuwa na viti vya Jumapili tarehe 28 Machi na vya Jumatano tarehe 31. Vya Jumatano vilikuwa nafuu kwa dola 40. Nikamwambia, mdogo wangu, chukua Jumatano, hizo dola 40 utanunulia chakula. Akachukua. Ndege ya kwenda London nikamwekea tarehe 11 Aprili.

Tarehe 2 Aprili ilikuwa Ijumaa Kuu. Niko jikoni nyumbani Tabata nakaanga samaki, simu ikaita, ni yeye. "Dada, umesikia?" Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba Kenya inaingia kwenye orodha nyekundu kuanzia Ijumaa inayofuata, tarehe 9, saa 10 alfajiri. Nilizima jiko. Nikachukua kaunta buku nikakaa sakafuni, nikahesabu usiku mmoja mmoja kwa kalamu. Hata kama angeruka tarehe 8, siku ya mwisho, angekuwa ametoka Tanzania siku 8 tu zilizopita. Nikahesabu tena nikianzia Jumapili tarehe 28. Zilitosha. Zilitosha na kuzidi.

Sijawahi kujificha nyuma ya maneno kwamba hakuna aliyejua. Ni kweli hakuna aliyejua kwamba Kenya ingeingia wiki ile. Lakini kaunta buku langu lilikuwa linanionyesha, ukurasa baada ya ukurasa, kwamba orodha ile ilikuwa inaongezeka mara kwa mara, na kwamba nchi jirani na zenye njia kubwa za ndege ndizo zilizokuwa zinafuata. Nilikuwa nayo hiyo habari mezani kwangu, na bado nikatazama bei. Miaka 11 ya kutafuta bei ya chini ilikuwa imenizoesha jicho vibaya.

Kenya nayo ikajibu kwa kusimamisha ndege za abiria kati yake na Uingereza kuanzia tarehe 9, kwa hiyo tiketi ya tarehe 11 ikafa. Nilimweleza njia zilizobaki zote, na safari hii nilimweleza na ubaya wa kila moja kabla ya bei yake. Angeweza kwenda Istanbul akalala siku 10, Uturuki ilikuwa bado safi, lakini kulikuwa na gharama za kuishi, na hakuna aliyeweza kumhakikishia Uturuki itabaki safi. (Iliingia kwenye orodha tarehe 12 Mei.) Likizo yake ilikuwa inaisha. Akachagua hoteli. Tukampitisha Istanbul moja kwa moja mpaka Heathrow, tiketi moja.

Lile neno "tiketi moja" nitalieleza, kwa sababu limeokoa watu wengi kuliko ujanja wangu wowote. Siku zile watu walikuwa wanaunga tiketi mbili za mashirika tofauti ili kupata njia. Tiketi mbili maana yake begi lako linashukia mji wa katikati na wewe unatakiwa uingie nchi ile kulichukua na kujiandikisha upya. Kama nchi ile imekufungia, hulipati, na hupandi. Ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili huidai wala haikujui. Kwenye tiketi moja, begi linakwenda mpaka mwisho, nawe hubanduki upande wa wanaopita. Ikifutwa ndege moja, shirika lina wajibu wa kukufikisha au kukurudishia nauli ya safari nzima. Kwa hiyo hata ikizidi kwa dola 200, wakati wa milango kufungwa namwambia mteja achukue tiketi moja.

Zile pauni 1,750 zilipatikana hivi. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la msiba wa mzee, lile la kuchangia sanda, turubai na chakula. Halikuwa limefungwa. Shangazi mmoja akaandika kwamba msiba haujaisha mpaka mtoto wa marehemu afike kazini kwake. Watu wakaanza kutuma tena, elfu 20, elfu 50, mmoja laki 3 kutoka Mwanza. Mimi nilirudisha kamisheni yangu yote ya tiketi zote mbili na kuongeza kidogo. Sikumwambia muuguzi, nilituma kwa shangazi.

Alinipigia akiwa hotelini, siku ya 5. Dirisha lake lilikuwa halifunguki na lilitazama maegesho. Aliruhusiwa kutoka kutembea kwa muda mfupi, akisindikizwa na mlinzi. Nilimwomba radhi waziwazi, nikamtajia tarehe 28 na zile dola 40, kwa sababu nilihisi hajazipigia hesabu. Alikuwa anajua. Alisema alihesabu usiku ule ule wa Ijumaa Kuu, akiwa South C, na ndiyo maana alinipigia mimi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuniambia nimekosea wala sikukosea. Aliniuliza kama mama yake ameshapeleka dawa za presha kujazwa.

Tangu wiki ile utaratibu wangu ulibadilika. Mteja akikaa tu, kabla ya kusema anakwenda wapi, namuuliza amelala wapi siku 14 zilizopita, kila usiku. Wengine hucheka, wengine hukasirika, wakidhani napeleleza ndoa zao. Lakini Oman, kwa mfano, tarehe 25 Februari 2021 ilifungia watu waliotokea nchi 10, Tanzania mojawapo, kwa hesabu ya siku 14, na mwenye kibali cha kuishi kule hakusalimika. Nilikuwa na kaka mmoja mwenye duka Muscat, mzaliwa wa Pemba, bataka yake, yaani kadi ya ukaazi wa kule, inaisha nguvu akikaa nje zaidi ya siku 180 kwa sheria ya kawaida. Alikuja kila Jumatatu. "Wallahi dada, mimi kule nina mafriji yanafanya kazi, nina watu nawalipa." Nilimwonyesha nchi za kukaa siku 14, akapiga hesabu ya watoto wake, akaamua kusubiri. Baadaye ile sheria ya siku 180 walimlegezea. Alichanja Agosti, baada ya chanjo ya Johnson & Johnson kuingia nchini na Rais Samia kuchanjwa hadharani Ikulu tarehe 28 Julai, na mwisho wa mwaka alikuwa dukani kwake.

Kuna jambo la vyeti vya vipimo nisiloweza kuliacha. Nchi nyingi zilisema saa 72 au 96, na watu wakadhani wameelewa. Saa zilianza kuhesabiwa ulipochukuliwa sampuli, si ulipopata majibu. Na ziliishia wapi? Kwa nchi nyingine ilikuwa ni unapopanda ndege ya kwanza, kwa nyingine ni unapopanda ile ya mwisho inayokufikisha kwao, na kati ya hizo mbili kuliweza kuwa na usiku mzima wa Doha. Mteja wangu mmoja alizuiwa kwenye kaunta ya Terminal 3 saa 5 usiku kwa sababu cheti kilimwandika Mwanaid na pasipoti inasema Mwanaidi. Herufi moja. Tulimrudisha mjini na teksi, akaenda kuandikiwa upya asubuhi, akasafiri siku ya tatu kwa kipimo kingine. Tangu hapo, kwa muda wote vyeti vilipodaiwa, cheti kikitoka mteja alinitumia picha, nami niliweka kidole kwenye kila herufi nikilinganisha na pasipoti. Na kabla mteja hajaondoka nyumbani napiga simu kwa shirika lenyewe, waangalie kwenye Timatic, mfumo ule ambao watu wa kaunta wanausoma kuamua nani apande. Tovuti ya serikali inaweza kukuruhusu na kaunta ikakukatalia, na saa 5 usiku utabishana na kaunta.

Uingereza ilitutoa kwenye orodha nyekundu tarehe 11 Oktoba 2021, pamoja na nchi nyingine nyingi. Siku hiyo hiyo muuguzi alinitumia ujumbe: anataka kuja Januari kwa hitma ya mwaka ya baba yake, nimtafutie. Nilikaa na ujumbe ule mkononi kabla ya kujibu. Kisha nikamtafutia njia ya mji mmoja wa katikati, tiketi moja, inayobadilishika tarehe bila faini, na nikamwandikia bei yake bila kumtajia ile nafuu iliyokuwepo pembeni. Alilipa siku ile ile.

Krismasi ya mwaka ule nilikuwa nyumbani, pilau iko mezani, shemeji zangu wamekuja kutoka Kibaha. Simu ikaita, kijana anayefanya kazi hotelini Dubai, amekuja kuoa. Falme za Kiarabu zilikuwa zimetangaza kwamba kuanzia jioni ile, saa 1:30 usiku kwa saa za kule, hazipokei abiria kutoka Tanzania, Kenya, Ethiopia na Nigeria, na anayepitia nchi nyingine lazima awe amekaa humo siku 14. Ndege yake ilikuwa tarehe 28. Sauti yake ilikuwa juu, nyuma yake nasikia muziki na watoto.

Nikaenda chumbani, nikafunga mlango, nikafungua kaunta buku ukurasa mpya.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "tulia. Usifute tiketi, waache waifute wao. Sasa niambie, tangu tarehe 11 umelala wapi?"

Akaanza kuhesabu. Dubai usiku tatu. Kigamboni kwa kaka yake, usiku mbili. Tanga kwa wakwe. Nikaandika.